Barua za Waandishi: Huyo Kijana Ndege Aliiona Wapi?

Barua nilizozichagua mwezi huu ni nne, na zote zinamzunguka mtu mmoja: kijana wa hadithini, hana kitu, anataka makubwa. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu kosa lililomo niliwahi kulifanya mwenyewe, na lilinila miaka miwili. Zilizobaki nitakwenda nazo mbio kidogo.

*Dada Mhariri, shikamoo. Ninaandika riwaya, nimefika sura ya 11. Mhusika wangu mkuu ni kijana wa miaka 14. Wazazi wake wamefariki, anaishi na bibi yake mgonjwa na mdogo wake wa kike. Anaosha magari kituoni ili nyumbani wale. Ndoto yake ni kuwa rubani. Umaskini wao nimeueleza vizuri, mpaka rafiki yangu mmoja alilia aliposoma sura ya pili. Lakini kati ya watu wanne niliowapa, watatu hawakuvuka sura ya sita. Mmoja aliniambia, "Namwonea huruma, ila simfuati." Nimelala na kuamka na maneno hayo. Nimekosea wapi?*

Marahaba, mdogo wangu. Huyo aliyekwambia hivyo usimpoteze. Mpe na sura zijazo. Amekutajia ugonjwa kwa maneno manne, na sisi wahariri huwa tunaandika barua ya kurasa mbili kusema hayohayo.

Msomaji anayemwonea mtu huruma amesimama kando ya njia, ameshika tama. Atasikitika, kisha atakumbuka kwamba ana nguo za kuanua. Ili amfuate kijana wako ni lazima ajue anakwenda wapi leo hii kabla ya giza kuingia, na nani atamkatalia njiani. Nimezisoma sura mbili ulizoambatanisha. Katika kurasa 31 kijana ametazama angani mara saba. Nilihesabu. Kila mara anashusha pumzi na kujiambia kwamba iko siku. Hiyo "iko siku" ndiyo inayoniuzia kitabu chako kwa bei ya hasara, kwa sababu siku yenyewe haina Jumatatu wala Jumanne. Haimpi kazi ya kufanya, na mimi hainipi sababu ya kufunua ukurasa.

Basi nakuuliza swali dogo: huyo kijana ndege aliiona wapi?

Nakuuliza kwa kuwa na mimi niliulizwa. Muswada wangu wa kwanza ulikuwa na binti wa miaka 15 anayetaka kuwa daktari. Niliuandika usiku, baada ya kazi, nikaupeleka nikiwa na uhakika kwamba nimemaliza. Mhariri aliyeupokea alikuwa mzee mkimya mwenye kalamu ya risasi iliyochongwa ncha zote mbili. Alinirudishia baada ya wiki tano. Katika kurasa 180 alikuwa ameandika maneno matatu tu, pembeni mwa ukurasa wa nne, pale binti anapotangaza kwamba atakuwa daktari: "Alimwona lini daktari?"

Nilikasirika sana. Nilijiambia mzee hajui kusoma, au hakusoma kabisa. Ilinichukua mwezi mzima kukiri kwamba jibu sina. Binti yangu hakuwahi kuugua, hakuwahi kumpeleka mtu hospitali, hakuwahi hata kukaa kwenye benchi la kusubiri zamu. Udaktari nilimpa kwa sababu watoto maskini wa hadithini hugawiwa kazi kutoka kapu moja: daktari, rubani, mwanasheria. Ulikuwa uvivu wangu mwenyewe, nikambandika binti wa watu usoni.

Mtu hatamani kitu ambacho hajawahi kukiona hata pembe yake. Mwenye nacho huzungushwa akaonyeshwa dunia, akaulizwa anataka ipi. Asiye nacho huchungulia. Anaona kipande kupitia tundu, na mara nyingi kipande chenyewe hata si sehemu muhimu ya kazi ile. Nilipoandika upya nilimpa binti yangu saa. Nesi aliyekuwa akimhudumia mama yake alikuwa na saa iliyobanwa kifuani, kichwa chini miguu juu, na kila alipomshika mama kifundo cha mkono aliitazama, akanyamaza. Binti hakujua kwamba mapigo ya moyo yanahesabiwa. Alichojua ni kwamba nesi akinyamaza na ile saa, chumba kizima kinanyamaza naye, pamoja na baba mkubwa aliyekuwa akifoka mlangoni. Akaitaka ile nguvu ya kunyamazisha chumba. Neno "daktari" halikutokea mpaka karibu na katikati ya kitabu, na hakuna msomaji aliyeniuliza binti anataka nini.

Charles Dickens, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, alilijua hili kuliko sisi sote. Katika riwaya yake Great Expectations, iliyotoka gazetini kidogo kidogo kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861, yuko Pip, yatima anayelelewa na dada yake na shemeji yake mhunzi. Uhunzi haumkeri hata kidogo. Siku moja anaitwa kwenye nyumba ya mwanamke tajiri acheze karata na Estella, binti anayelelewa pale. Binti anamcheka: karata moja anaiita kwa jina la kishamba, mikono yake migumu, buti zake nene. Basi, hayo tu. Pip anatoka pale akiitazama mikono yake mwenyewe kama mali ya mtu mwingine, na kuanzia hapo anataka kuwa mwungwana. Angalia ilivyo rahisi: ndoto imezaliwa kwenye buti. Mwandishi hahitaji tena kumpandisha mlimani atazame upeo wa macho. Akimwonyesha Pip anaficha mikono mezani, tumeelewa.

Na aibu ile mwandishi mwenyewe aliionja. Mwaka 1824, akiwa na miaka 12, alipelekwa kiwanda cha rangi ya viatu, kazi yake kufunika vikopo na kuvibandika lebo, na mwezi huohuo baba yake akafungwa kwa madeni. Alipokuwa mtu mzima mwenye jina kubwa karibu kila mtu alifichwa habari hizo. Wasomaji wake walikuja kuzijua baada ya kifo chake mwaka 1870, kupitia wasifu ulioandikwa na rafiki yake John Forster. Mwanamume aliyeandika watoto maskini maisha yake yote hakuweza kutamka kwamba mmoja wao ni yeye.

Nakusimulia haya kwa sababu kijana wako anasema mno. Amemwambia bibi kwamba atakuwa rubani, akamwambia mdogo wake, mwalimu, dereva wa basi na mwenye duka. Mtu aliyewahi kuchekwa mara moja hafanyi hivyo. Ndoto yake huificha kama hela ya akiba. Akimwambia mtu mmoja katika kitabu kizima, iwe ni tukio, na mtu huyo aweze kumwumiza kwayo baadaye.

Sasa turudi kituoni. Wewe umemwinamisha kwenye matairi, maana matope yanaleta huruma. Mpandishe ndani ya basi. Mpe kitambaa, asafishe mbele ya usukani. Mimi ningejaribu hivi, nawe utaandika bora kuliko mimi:

*Kitambaa kilipofika kwenye kioo cha geji alipunguza mkono. Geji zilikuwa nne. Ya mafuta alikuwa anaijua, na ya mwendo. Ya joto aliikisia mwenyewe wiki iliyopita, siku gari lilipochemka. Ya nne ilikuwa na kialama kama birika linalodondosha tone moja.*

*"Hii ya nini?"*

*Dereva alikuwa ameegemea mlango, anajichokonoa meno. "Ya nini nini?"*

*"Hii ya birika."*

*"Birika!" Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaona kwamba mtoto hacheki, anangoja. "Hiyo presha ya oili. Ikishuka, unasimama. Hata uwe umebeba bwana harusi, unasimama."*

*Ikishuka unasimama. Alifuta kioo kile mara ya pili, ingawa kilikuwa kimeshatakata.*

Rubani sijamtaja. Anga sijaitaja. Lakini nikikwambia kwamba siku moja, sura ya tatu au ya nne, abiria alisahau kwenye kiti gazeti lenye picha ya ndani ya ndege, upande wa marubani, nawe ukamwonyesha kijana akizihesabu geji zile pichani mpaka akapotea hesabu, sasa ndege ameiona wapi tunajua. Ameiona pale anapopafahamu. Dereva mmoja ana geji nne. Huyu wa pichani amezungukwa nazo hadi juu ya kichwa.

Hapo ndipo unapompa la kufanya. Kwenye daftari langu la kazi ndoto ya mhusika naiandika juu ya ukurasa mara moja, halafu siitaji tena. Chini yake naandika anachokitaka kabla ya Ijumaa. Kijana wako anaweza kutaka kitu kidogo kabisa: atolewe kwenye kuosha nje, apewe kusafisha ndani. Kazi ya ndani anayo kijana mwingine, mkubwa kwake, mwenye mabega. Tayari una mgogoro, na una siku ya mwisho, kwa sababu huyo mkubwa ameumwa na atarudi Ijumaa. Ukimwandika akiitafuta hiyo nafasi, utashangaa watu wako watatu wanavyovuka sura ya sita.

Jambo lililobaki ndilo zito zaidi kwangu, kwa hiyo nivumilie. Umaskini kwako ni mandhari. Paa linavuja, nguo zimechanika, taa inazimika. Katika sura ya pili peke yake mvua imeingia ndani mara tatu. Paa moja likivuja mara moja linatosha, tumeshaloa. Umaskini tunaoujua sisi tuliopitia humo ni hesabu. Kila unachokipata kinakatwa mahali. Kijana akiingia ndani ya basi, kusafisha ndani kunachukua muda: badala ya magari matatu kwa asubuhi anamaliza moja. Anajifunza geji, lakini jioni anarudi na hela pungufu. Bibi anazimwaga kwenye kanga, anazihesabu. Anazihesabu tena. Haulizi kitu. Mwandike huyo bibi akihesabu mara ya pili na usimfanye aseme neno, halafu mpeleke mtoto nje akachote maji ambayo hakutumwa. Sura nzima imo humo, na yule rafiki yako mwenye machozi atalia upya, safari hii kwa sababu amemwona kijana akichagua.

Tukiwa kwa bibi: mpe maoni. Kwako yeye ni kikohozi tu. Mwanamke aliyezika watoto wake hawezi kukosa la kusema juu ya mjukuu anayetaka kwenda juu. Labda anataka ajifunze ushonaji akae karibu. Ana haki kabisa. Kijana akipambana na mtu mbaya tunajua nani atashinda. Akipambana na bibi anayempenda, aliye na haki, hatujui. Na yule mdogo wa kike naye anataka kitu. Nini? Umemwandika kurasa 31 na sijui hata kama ana meno yote.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu, nasimamia klabu ya uandishi shuleni. Wanafunzi wangu wakimwandika kijana maskini, mwishoni ni lazima afaulu, apate kazi kubwa, amjengee mama nyumba. Nikiwaambia maisha hayako hivyo, wananiuliza kama nataka watoto wote maskini wa hadithini wafe maskini. Nimekosa jibu. Hadithi ya namna hii iishe vipi?*

Mwalimu, kwa kweli wanafunzi wako wamekubana vizuri. Mwisho wa machozi nao ni uvivu kama ule wa nyumba ya mama. Wapo waandishi wanaodhani wakimwangamiza mtoto ukurasa wa mwisho wameandika ukweli, na wapo majaji wa mashindano wanaowaamini.

Wasomeshe Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka mwaka 1964. Kitabu kinaanza mama, Nyokabi, anamuuliza mwanawe Njoroge kama angependa kwenda shule. Swali la dakika moja, na humo ndimo ndoto yote ilimo: Njoroge ataamini kwamba elimu itaiokoa familia, kisha kijiji, kisha nchi nzima. Anafaulu, anaingia sekondari ya Siriana. Na anafanya kila kitu ambacho watoto wa klabu yako wangemtaka afanye. Halafu vita vya miaka ile ya hali ya hatari nchini Kenya vinamfuata mpaka darasani: anatolewa na polisi na kuteswa kwa ajili ya mauaji ambayo si yake, na masomo yanaishia hapo. Naipenda hiyo sehemu kwa sababu haimlaumu mtoto. Hakuwa mvivu. Ndoto yake ilivunjwa na mambo yaliyokuwa makubwa kuliko bidii, na hilo ni jambo ambalo hadithi nyingi za "jitahidi utafika" zinaona haya kulisema.

Lakini angalia Ngũgĩ anavyomaliza. Njoroge amefika mahali anataka kujiua, mama anamtafuta gizani, anampata. Kijana anaona haya mbele ya nafsi yake, anajiita mwoga. Tendo lake la mwisho ni kukimbilia nyumbani na kuwafungulia mlango mama zake wawili. Mlango tu. Shule imekwenda, msichana aliyempenda amemkatalia, nchi haijaokolewa, na kijana anafungua mlango ili mama wapite. Mimi nikikifunga kitabu kile sijui nifurahi au nilie, na sijisikii nimedanganywa.

Kwa hiyo wape zoezi hili. Kila mmoja aandike ukurasa wa mwisho ambao ndoto kubwa haijulikani itakuwaje, lakini lile jambo dogo alilolitaka mhusika tangu sura ya kwanza limeamuliwa: amelipata au amelikosa, hakuna katikati. Anayeng'ang'ania nyumba ya mama, mwache aijenge, ila aandike siku mama anapohamia. Anaweka wapi mwiko wake? Anamwita mwanawe kwa jina lilelile? Pip aliupata uungwana, na siku shemeji yake mhunzi alipomtembelea London, kijana alitamani hata kulipa hela ili asije. Yule shemeji hajui pa kuweka kofia yake. Anaiweka kwenye rafu iliyo juu ya meko, inaanguka, anaidaka, anairudisha, inaanguka tena. Ni tukio la kuchekesha, na sijawahi kulisoma bila kuona aibu kana kwamba kofia ile naijua. Wanafunzi wako waandike kofia yao.

*Je, ni kosa kumleta mfadhili amsomeshe kijana? Mhariri mmoja aliniambia nimfute, lakini kwenye maisha wafadhili wapo, mimi mwenyewe nilisomeshwa na mmoja.*

Wapo, na Mungu awabariki. Usimfute. Kosa ni kumleta sura ya 19 akiwa ameshuka kwenye gari, hatujawahi kumwona, ameguswa na macho ya mtoto. Mlete mapema, na awe amekutana na kijana kwa jambo jingine kabisa. Nitarudi kwa Pip mara ya mwisho, na samahani kwa ambao hamjaisoma, imeshapita miaka zaidi ya 160: anayemgharimia uungwana wake ni mfungwa mtoro aliyemkaba makaburini katika sura ya kwanza kabisa, ambaye mtoto, kwa hofu, alimpelekea chakula na tupa ya kukatia pingu alivyoviiba nyumbani. Fedha ilipokuja ilikuwa imetoka mkononi mwa mtu ambaye Pip aliyepanda cheo asingependa kukaa naye meza moja. Mfadhili wa namna hiyo hatatui hadithi, anaivuruga zaidi.

Nawe umesomeshwa, kwa hiyo una mali ambayo wengine hatuna. Ulimwandikia barua za shukrani? Uliandika nini, na ulifuta nini? Mtoto anayeandika "ninaendelea vizuri na masomo" huku ameshika wa mwisho kwenye hesabu, akiogopa ada isikatwe, ni mhusika ambaye ningempa kitabu kizima.

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 16. Shule nimeacha mwaka jana kwa sababu ya ada. Nataka kuwa mwandishi. Naandika kwenye simu ya mama usiku akishalala, na asubuhi natoa kila kitu asikione. Nikimwandika msichana maskini anakuwa ni mimi, na mama yake anakuwa mama. Akiisoma atajua namwona vile. Je, nianze kwanza kuandika kuhusu watu wenye uwezo, mpaka nitakapokuwa na vyangu?*

Marahaba, mwanangu. Kwanza, unaposema "natoa kila kitu" una maana unafuta? Usifute. Jiandikie ujumbe, jitumie mwenyewe kwenye barua pepe, au nakili kwa mkono. Nilipokuwa na umri wako nilikuwa na daftari moja. Kila mstari niliandika mistari miwili, herufi kama chungu, na lilipojaa nililipindua juu chini nikaandika katikati ya maandishi ya mwanzo. Leo siwezi kusoma hata nusu yake, lakini lipo, na sentensi tatu za humo zimeingia kwenye vitabu.

Watu wenye uwezo waandike ukitaka, hakuna anayekukataza, ila usiwaandike kwa sababu ya kukimbia. Utawaandika kwa kuchungulia, na utakosa kujua wanachokificha. Nyumbani kwenu unajua.

Kuhusu mama, hofu yako ni ya mtu mwema, na sitakwambia uipuuze. Fanya hivi. Mbadilishie kazi. Mbadilishie umbo, mwendo, idadi ya watoto, na namna anavyocheka. Mpe tabia moja ya jirani na moja ya mwalimu wako wa zamani. Ukishamaliza utakuta mwanamke amesimama pale ambaye si mama yako, naye ataanza kukujibu mambo ambayo mama hajawahi kukujibu. Halafu mpe kosa moja, na mpe jambo moja ambalo binti yake hajui kwamba amelifanya kwa ajili yake. Wengi wetu tukiandika mama maskini tunaandika mgongo uliopinda na mikono iliyokauka, tunasahau kwamba na yeye aliwahi kuwa na miaka 16 na kutaka kitu. Alitaka nini? Kama hujui, hiyo ni hadithi. Unaweza hata kumuuliza, wakati mnafanya kazi nyingine, bila kumtazama usoni.

Msichana wako asiwe anataka kuwa mwandishi, angalau kwa sasa. Mwandishi anayeandika mhusika anayetaka kuwa mwandishi huanza kujisifu bila kujijua. Nimewaona wakubwa wenye tuzo wakianguka humo. Anachotaka kiwe dakika arobaini za simu yenye chaji.

Nitumie kurasa tatu kwa anwani ile uliyotumia. Usinielezee ada wala shule, hayo nimeshayajua. Niandikie usiku mmoja tu: unaitoa wapi simu, unafanyaje mwanga usimfikie, nini kinatokea akigeuka kitandani. Na asubuhi unapoirudisha, unailaza uso juu au uso chini? Anajua yeye alivyoilaza. Anzia hapo.